Muhogo Hauvunwi Siku ya Kupandwa
Somo kwa wakatekumeni, juu ya uvumilivu na juhudi katika kukuza imani



Katika somo hili tutatafakari jambo moja linalowasumbua wengi kati yenu, ingawa ni wachache wanaothubutu kulitamka mbele ya mwalimu. Jambo lenyewe ndilo hili: muda wa kungojea Ubatizo ni mrefu. Mwanzoni mtu huja katika mafundisho kwa furaha, akitangulia wenzake mlangoni. Baada ya mwaka mmoja miguu huwa mizito. Mvua hunyesha, shamba linadai jembe, mtoto anaugua, jirani naye anacheka akisema: “Hata leo hujawa Mkristu?” Hivyo darasa lililoanza na watu wengi hupungua kidogo kidogo. Wale wanaoondoka hawaondoki kwa kuwa wamemkana Mungu, bali kwa kuwa wamechoka. Inafaa basi tujue kwa nini Kanisa hutungojesha, na tena tujue la kufanya tunapongoja.

1. Imani hukua namna gani?

Imani ni zawadi ya Mungu. Hakuna mtu awezaye kuinunua kwa fedha, wala kuirithi kwa baba yake kama shamba. Lakini Mungu hutupa zawadi hii kama mbegu. Hatupi kama unga uliokwisha kusagwa. Katika Injili ya Marko, sura ya 4, Bwana wetu Yezu Kristu alieleza Ufalme wa Mungu kwa mfano wa mkulima. Mkulima yule hupanda, kisha siku hupita, naye hawezi kueleza jinsi mbegu inavyoota. Mmea mchanga hutangulia, suke hufuata, na nafaka iliyokomaa huja mwisho. Hatua moja haiwezi kurukwa.

Sisi tulio hapa Kilibula, kati ya milima na ziwa, tunaujua muhogo kuliko ngano. Mwanamke apandaye kijiti cha muhogo hakifukui kesho yake ili aone kama kimetoa mizizi. Akifanya hivyo amekiua. Hungoja mwaka mzima, pengine zaidi. Lakini katika mwaka huo halali tu. Hupalilia, huzuia mbuzi, huangalia majani kama yameshikwa na ugonjwa. Mungu ndiye atiaye uhai katika kijiti; mwanamke ndiye ashikaye jembe.

Tena kuna jambo la pili katika muhogo, nalo linatufundisha zaidi. Muhogo mchungu una sumu. Hata ukiisha kuvunwa haufai kuliwa papo hapo. Lazima umenywe, ulowekwe majini siku kadhaa, uanikwe juani, utwangwe, ndipo uwe unga wa ugali. Mwenye haraka akiutoa majini kabla ya wakati, huwaumiza watoto wake mwenyewe. Maji yale hayaudhuru muhogo. Yanauondolea kilicho kibaya ndani yake. Ndivyo ulivyo muda wa ukatekumeni. Tumekuja kwa Kristu tukiwa na uchungu ndani yetu: chuki za ukoo, uongo, ulevi, hofu ya wachawi, tamaa ya kulipiza kisasi. Mambo haya hayatoki kwa kukariri majibu ya katekisimu katika majuma machache. Hutoka polepole, kwa neema ya Mungu na kwa jitihada ya mtu.

2. Uvumilivu si uvivu

Wengine wakisikia neno uvumilivu hudhani maana yake ni kukaa kimya na kungoja siku ipite. Sivyo hata kidogo. Tazameni wavuvi wetu wa ndagala. Wao huenda ziwani usiku na kuwasha taa juu ya maji, nao ndagala huvutwa na mwanga. Lakini mwezi unapong’aa sana, taa zao hazina nguvu, na wavu hurudi na samaki wachache. Je, siku hizo za mbalamwezi mvuvi hodari hufanya nini? Hushona nyavu zilizotatuka, huziba matundu ya mtumbwi, hutengeneza taa. Mvuvi mvivu hulala. Giza likirudi wote wawili huingia ziwani, lakini wavu wa yule mvivu hupitisha samaki.

Basi uvumilivu wa Kikristu una mikono. Juhudi bila uvumilivu ni kama kufukua kijiti cha muhogo; uvumilivu bila juhudi ni kama kulala wakati wa kushona nyavu. Mkatekumeni anahitaji vyote viwili.

3. Kanisa limefanya hivi tangu zamani

Msidhani kwamba muda huu mrefu umebuniwa kwa ajili ya watu weusi, au kwa sababu mapadri hawawaamini. Katika kitabu cha kale kinachoitwa Mapokeo ya Mitume, wakatekumeni waliagizwa kusikiliza mafundisho kwa miaka mitatu. Kitabu hicho kinasema pia kwamba mwenye bidii aweza kupokewa mapema, kwa maana kinachopimwa ni mwenendo wa mtu wala si hesabu ya siku tu. Wale walikuwa watu wa nchi za kandokando ya bahari ya kati, nao walingojeshwa kama ninyi.

Askofu Mkuu Lavigerie alianzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, kisha akawatuma katika nchi za maziwa makuu. Aliwaamuru kufuata mfano huo wa kale, akaongeza hata ukawa miaka minne. Hakutaka kumwaga maji juu ya vichwa ambavyo mioyo yao haijageuka. Baadaye Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, uliagiza ukatekumeni wenye hatua urudishwe katika Kanisa lote, na taratibu yake ikatolewa mwaka 1972. Hivyo lile lililofanywa katika misioni za Afrika sasa hufanywa pia Ulaya na Marekani kwa watu wazima wanaoomba Ubatizo.

Hatua zenyewe mnazijua. Kwanza mtu hupokewa rasmi katika ukatekumeni na kutiwa alama ya msalaba. Baada ya muda wa mafundisho huja kuchaguliwa, kwa kawaida Dominika ya kwanza ya Kwaresima, ambapo jina lake huandikwa. Katika Dominika ya 3, ya 4 na ya 5 ya Kwaresima Kanisa humwombea ili atakaswe. Hukabidhiwa Kanuni ya Imani na Sala ya Bwana. Mwishowe, katika Mkesha wa Pasaka, hupokea Ubatizo, Kipaimara na Ekaristi Takatifu. Hata hapo safari haikomi, kwa maana majuma ya Pasaka huwa ni ya kumfundisha mbatizwa mpya maana ya mafumbo aliyoyapokea.

Ziwa letu Tanganyika nalo lina ushuhuda wake. Mapadri Weupe wa kwanza walifika Ujiji mwezi wa Januari 1879. Padri wa kwanza mzalendo wa Kongo, Stefano Kaoze, mzaliwa wa Marungu upande wa kusini wa ziwa hili, alipewa Daraja Takatifu tarehe 21 Julai 1917. Hesabuni wenyewe: ni miaka 38. Kaoze alianza masomo huko Mpala mwaka 1899, akasoma kwa muda wa miaka 18 kabla ya kusimama altareni. Angeweza kusema, “Nimechoka,” wala hakuna ambaye angemshangaa. Hakusema hivyo.

4. Shamba lililokua bila mkulima kuonekana

Sasa tuondoke kwa fikra katika ziwa letu, tuende ziwa Nyanza, maana mambo ya huko na ya huku yana mzizi mmoja. Msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe uliotoka Bagamoyo mwaka 1878 uligawanyika Tabora: wengine wakaja Tanganyika, wengine wakashika njia ya Buganda. Hao wa Buganda walifika mwezi wa Februari 1879, wakaanza kufundisha. Mwaka 1882, miezi michache baada ya kubatiza baadhi ya wanafunzi wao, iliwabidi mapadri waondoke kwa sababu ya hatari, wakahamia Bukumbi, kusini ya ziwa Nyanza. Waliondoka mwezi wa Novemba 1882, nao hawakurudi mpaka mwezi wa Julai 1885.

Fikirini hali hiyo. Kwa muda wa karibu miaka mitatu hapakuwa na padri, wala Misa, wala Kitubio. Wakristu walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa wamebatizwa mwaka uleule. Wakatekumeni waliachwa kama mimea michanga wakati wa kiangazi. Mtu angedhani kwamba mapadri wakirudi hawatakuta kitu.

Lakini walikuta waumini wameongezeka. Kumbe Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyebatizwa mwezi wa Aprili 1882, alikuwa akiwafundisha vijana watumishi wa jumba la mfalme. Andrea Kaggwa alifundisha nyumbani mwake. Matia Mulumba na Luka Banabakintu, waliobatizwa mwezi wa Mei mwaka uleule, walikusanya watu upande wa Mityana. Watu hao hawakuwa na vitabu vingi wala elimu kubwa. Walifanya yale waliyoweza: walisali pamoja, walifundishana yale waliyoyasikia, walisaidia wagonjwa, walikataa matendo maovu. Kila mmoja alipalilia kipande chake, naye Mungu akakuza.

Mavuno yalionekana upesi. Yosefu Mukasa aliuawa tarehe 15 Novemba 1885, kwa kuwa alimwonya Mfalme Mwanga juu ya uovu wake. Usiku ule Karoli Lwanga na wenzake, ambao walikuwa bado wakatekumeni, walikwenda kwa mapadri kuomba Ubatizo. Mwezi wa Mei 1886, wakati mauti ilipokuwa mlangoni, Lwanga mwenyewe aliwabatiza Kizito na vijana wengine kadhaa. Tarehe 3 Juni 1886 walichomwa moto huko Namugongo, wakisali.

Hapa mtu aweza kuniuliza: “Mwalimu, Kizito alibatizwa kwa dakika chache tu. Mbona sisi tunangojeshwa?” Ni kweli, maji yalimwagwa kwa dakika chache. Lakini moyo ulioyapokea ulikuwa umelimwa muda mrefu. Kama Kizito asingefundishwa, asingezoea sala, asingejifunza kukataa dhambi siku kwa siku, dakika zile chache zingemkuta mtupu. Hakuna ajifunzaye kuogelea wakati mtumbwi umekwisha kupinduka.

5. Mavuno ya nyumbani kwetu

Mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964. Majuma sita baadaye damu ya mashahidi ilimwagika katika jimbo letu wenyewe. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa maasi, Bruda Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara waliuawa Baraka. Siku ileile Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert waliuawa Fizi. Watatu walikuwa Wasaveri kutoka Italia. Wa nne, Padri Albert, alikuwa mtoto wa ziwa hili: alizaliwa mwaka 1908 upande wa Moba, baba yake Mfaransa, mama yake Mwafrika, naye alikuwa padri tangu mwaka 1935.

Huko Baraka, Bruda Vittorio aliuawa kwanza. Padri Luigi alikuwa kanisani akiungamisha. Alipotolewa nje na kuamriwa kupanda gari, alichagua kufa pale karibu na ndugu yake, akapiga magoti kando ya mwili wake. Je, mtu hupata wapi moyo wa namna hiyo kwa ghafula? Haupati kwa ghafula. Siku ya mwisho huleta nje kile kilichowekwa ndani katika siku elfu zisizo na sifa: sala ya asubuhi iliyosaliwa na usingizi machoni, neno la hasira lililomezwa, mgonjwa aliyetembelewa wakati wa jua kali.

Mashahidi hao wanne walitangazwa wenye heri hapa Uvira tarehe 18 Agosti 2024, na Kardinali Fridolin Ambongo kwa niaba ya Papa. Kutoka kifo chao mpaka siku hiyo ilipita miaka karibu 60. Kanisa nalo hujua kungoja.

6. Hofu ya kufa kabla ya Ubatizo

Wengine kati yenu mna hofu ya kweli, wala si hofu ya kuchekwa. Tumeona mafuriko ya mwezi wa Aprili 2020, Mulongwe ilipobomoa nyumba na kuchukua watu. Tumeona vita vikisukuma watu kutoka milimani na kutoka bondeni. Mtu husema moyoni: “Nikifa leo, mimi mkatekumeni tu, nitakwenda wapi?”

Sikilizeni mafundisho ya Kanisa. Tangu siku ulipopokewa katika ukatekumeni, wewe ni wa nyumba ya Kristu. Kanisa hukukumbatia kama mtoto wake. Waweza kubarikiwa. Ukifa, wazikwa kwa ibada ya Kanisa kama waamini. Tena, mkatekumeni akifa bila kupata maji, akiwa anautamani Ubatizo, anatubu dhambi zake na ana mapendo, tamaa yake hiyo humpatia wokovu. Na panapokuwa na hatari ya mauti, kama padri hayuko, mtu yeyote aweza kumbatiza kwa kumwagia maji kichwani, akitaja jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, mradi akusudie kutenda lile litendwalo na Kanisa. Basi mlio nyumbani pamoja na mkatekumeni mgonjwa, jifunzeni jambo hili vizuri.

Kwa hiyo msikimbie huku na huku kwa hofu. Wengine huambiwa: “Njoo kwetu, utabatizwa Dominika ijayo.” Tusiwatukane wasemao hivyo, maana Mungu ndiye mwamuzi wa mioyo. Lakini tujiulize: je, ninatafuta Kristu, au ninatafuta jina jipya na sherehe? Na yule anayecheleweshwa kwa sababu ana jambo la ndoa la kutengeneza, asikate tamaa wala asifiche. Aongee na katekista na padri. Afadhali njia ndefu iliyo wazi kuliko njia fupi yenye shimo katikati.

7. Juhudi za kila siku

Mkatekumeni afanye nini, basi, ili imani yake ikue? Nitataja mambo matano, wala si mageni.

Kwanza, asali asubuhi na jioni. Sala fupi ya kila siku hushinda sala ndefu ya mara moja kwa mwezi. Wazee walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba.

Pili, asikose mafundisho wala mkutano wa Dominika. Akizuiwa na ugonjwa au safari, amwulize mwenzake yale yaliyofundishwa.

Tatu, achague kosa moja lililo na mizizi ndani yake, apigane nalo. Asipigane na makosa kumi pamoja, maana mwenye kulima shamba zima kwa siku moja huishia kulala kitandani. Kama ni ulevi, apigane na ulevi. Kama ni kwenda kwa mganga usiku kwa siri, aache hilo kwanza, hata mtoto anapougua, ampeleke zahanati na kumwombea.

Nne, atende kila juma tendo moja la mapendo lisilolipwa: kumtekea maji mjane, kumsaidia jirani kuezeka nyumba, kusamehe deni dogo.

Tano, akianguka, ainuke siku ileile. Shetani hafurahii sana kuanguka kwetu kama afurahivyo tukibaki chini. Shamba lililoingiliwa na mbuzi haliachwi. Hujengewa ua, likalimwa tena.

Wasimamizi wa Ubatizo nanyi mna sehemu yenu. Msingoje Mkesha wa Pasaka ili mshike bega la mkatekumeni. Mtembeleeni sasa, hasa mwaka wa pili, miguu inapokuwa mizito.

Maswali ya kujipima

Swali: Imani hutoka kwa nani?
Jibu: Imani hutoka kwa Mungu, ni zawadi yake, nasi twaipokea na kuitunza.

Swali: Kwa nini Kanisa hutungojesha kabla ya Ubatizo?
Jibu: Ili moyo ugeuke kweli, mazoea mabaya yatoke, na imani ipate mizizi.

Swali: Uvumilivu na uvivu hutofautianaje?
Jibu: Mvivu hungoja bila kutenda, mvumilivu hutenda kila siku bila kudai mavuno kabla ya wakati.

Swali: Waumini wa Buganda walifanya nini mapadri walipokuwa mbali, kutoka 1882 mpaka 1885?
Jibu: Walisali, walifundishana, walisaidia wagonjwa, wakaongezeka.

Swali: Mkatekumeni akifa kabla ya kubatizwa, apoteza yote?
Jibu: Hapana. Akiwa anautamani Ubatizo kwa toba na mapendo, Mungu humpokea.

Azimio la mwezi: Nitachagua kosa moja, nitalitaja mbele ya Mungu kila jioni, na kila asubuhi nitaomba neema ya kulishinda siku hiyo moja tu.

Sala: Ee Mungu, mwenye shamba, umenipanda katika Kanisa lako. Unipe mikono ya kulima na moyo wa kungoja. Nikichoka, unikumbushe mashahidi wako wa Uganda na wa Uvira. Unifikishe kwenye maji ya Ubatizo nikiwa tayari, kwa Kristu Bwana wetu. Amina.